Meli Iliyorudishwa, Parachichi Lililogandishwa

Kwenye duka moja la vyombo mjini Kapsokwony hakuna nafasi ya kugeuka. Mabeseni yamening'inia mlangoni kama ndizi mkunguni, chupa za chai zimepangwa mpaka darini, na blanketi zina picha ya chui mwenye milia ambaye hakuna mtu wa Mlima Elgon aliyewahi kukutana naye. Geuza chochote utazame chini: kimetengenezwa China. Mwenye duka alinitania kwamba humo ndani kisicho cha China ni yeye mwenyewe na maandazi yake.

Utani wake ndio ulionisukuma kukusanya rekodi hizi. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilipopata uhuru zilijitangaza kuwa hazifungamani na upande wowote, kisha zikaanza kufanya biashara na madola mawili makubwa ya kikomunisti, Muungano wa Kisovieti na China. Ni mzigo gani uliokuwa maarufu zaidi? Ni reli gani ndefu, mkopo gani mzito, tunda gani baridi? Kupima kwa fedha peke yake kungenipa orodha ya reli na barabara tu, ndiyo maana kila rekodi nimeiuliza swali la sokoni: hapa, nani alikuwa na uwezo wa kusema "sitaki"?

Mzigo uliokataliwa kwa kishindo kikubwa zaidi

Aprili 1965 meli ya Kisovieti iitwayo Fizik Lebedev ilifika Mombasa ikiwa imesheheni silaha. Jamhuri ya Kenya haikuwa imetimiza hata miezi mitano. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilizikagua silaha hizo, ikatangaza kwamba ni za zamani na hazifai jeshi la kisasa, na meli ikang'oa nanga na mzigo wake. Sijui nchi nyingine ya umri huo iliyoirudisha meli ya dola kubwa namna hiyo, mchana kweupe, kama mama anayemrudishia muuza samaki samaki wake baada ya kumfunua matamvua.

Ila tusijidanganye. Kukataa huko hakukuwa kweupe kama maziwa. Ndani ya serikali kulikuwa na mvutano mkali: Makamu wa Rais Jaramogi Oginga Odinga alionekana kuwa rafiki wa Moscow na Beijing, huku Tom Mboya na wenzake wakiegemea London na Washington. Jeshi lenyewe bado lilikuwa na maofisa Waingereza. Kwa hiyo aliyesema "sitaki" alikuwa na mkubwa mwingine aliyesimama nyuma yake. Mwaka huohuo serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ulioandikwa kwa uangalifu mkubwa ili usiwe wa Marx wala wa mabepari, na Siku ya Madaraka Mzee akaonya kwamba ubeberu unaweza kutoka Mashariki pia. Maneno hayo yaliwalenga wakomunisti, na kila aliyesikiliza alijua pia ni mkubwa gani wa hapa nyumbani aliyekuwa akiambiwa.

Hata hivyo meli iliondoka. Kati ya rekodi zote nilizozikusanya, hii ndiyo pekee ambapo mdogo aliutazama mzigo, akaukataa, na mkubwa akaubeba.

Msafara uliopotea njia

Haukupita mwezi mmoja. Mei 1965 malori 11 yenye silaha za China yalikamatwa Nyanza Kusini, maeneo ya Kisii, yakitoka Tanzania kwenda Uganda bila ruhusa ya Kenya. Ilikuwa shehena ya takriban tani 75. Kiongozi wa Uganda, Milton Obote, alilazimika kuja Nairobi kutuliza mambo, kisha Kenya ikaiachilia shehena. Majirani watatu, wote wakijiita wasiofungamana, na bunduki za Mchina zikipita katikati ya mashamba ya migomba kama harusi iliyokosea nyumba.

Kumbukumbu ya Kisovieti iliyo karibu zaidi na Kapsokwony

Ndani ya Kenya ni hospitali ya Kisumu. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ikaitwa New Nyanza General Hospital, na leo inalibeba jina la Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji waliipa jina lao tangu zamani: Russia. Mwambie mtu wa boda boda wa Kisumu akupeleke Russia, hatakuuliza viza. Siku ya kuifungua, 25 Oktoba 1969, Kenyatta na Odinga walirushiana maneno makali hadharani, vurugu zikazuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakafa. KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi, kilipigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Jengo la tiba lilizinduliwa kwa majeruhi.

Lakini kama kunguru angeruka moja kwa moja kutoka Kapsokwony, angefika kwanza Busitema, ng'ambo ya Uganda, karibu na Tororo na Busia. Hapo Wasovieti walijenga chuo cha mitambo ya kilimo mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu 2007 pamekuwa chuo kikuu. Na akiendelea kidogo kuelekea Bugiri angeona mashamba ya mpunga ya Kibimba, yaliyoanzishwa kwa msaada wa China. Madola hayo mawili yalikuwa yamegombana vibaya wakati huo. Mashariki mwa Uganda yalikuwa karibu jirani wa shamba.

Kahawa iliyotembea mbali zaidi kwa miguu ya punda

Hii ni yetu. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil. Bei ya dunia ikapaa, na kufikia Aprili 1977 ratili moja ilivuka dola 3. Upande wa pili wa mlima wetu kulikuwa na Uganda ya Idi Amin, ambako mkulima alitakiwa kuuza buni yake kwa bodi ya serikali kwa shilingi ambazo hazikununua kitu. Upande huu kulikuwa na Chepkube.

Leo ukifika Chepkube, upande wa Cheptais, huwezi kuamini. Ni soko la mpakani kama masoko mengine. Katika miaka ya 1976 na 1977 lilikuwa pengine soko tajiri kuliko yote ya vijijini Kenya. Magunia yalivuka usiku juu ya punda, juu ya vichwa, juu ya chochote chenye mgongo, na wanunuzi walisubiri na fedha taslimu. Neno lilikuwa moja pande zote mbili za mpaka: magendo. Wazee bado huonyesha nyumba za mawe na kusema, bila aibu hata kidogo, kwamba ile ni ya Chepkube.

Mnashangaa dola la kikomunisti linaingiaje hapo? Amin alikuwa akipata silaha zake kutoka Muungano wa Kisovieti. Ndege za MiG zilizolipuliwa na Waisraeli Entebbe, Julai 1976, zilikuwa za Kisovieti. Na kahawa ndiyo iliyoiletea Uganda karibu fedha zake zote za kigeni. Februari ya mwaka huo Amin alikuwa amedai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kuwa ni ya Uganda, na huku mlimani tungekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuhamishwa bendera. Kwa hiyo kila gunia lililovuka Chepkube lilikuwa fedha ambazo hazikufika Kampala. Sisemi wachuuzi wale walikuwa na siasa hiyo vichwani. Walitaka mabati. Lakini nikiuliza swali langu la sokoni, naona mtu mmoja aliyesema "sitaki" akasikilizwa: mkulima wa upande wa pili wa mlima, aliyekataa bei ya bodi kwa miguu ya punda wake.

Reli ndefu zaidi, na malipo ya ajabu zaidi

TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Habari zake zimeandikwa sana, nitagusa tu mifupa. Zambia ilikuwa ikisafirisha shaba yake kupitia Rhodesia ya walowezi, na baada ya kiongozi wao Ian Smith kujitangazia uhuru Novemba 1965 njia hiyo ikawa kitanzi. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilisema reli mpya haitalipa. Mwalimu Nyerere alikuwa ameitembelea China Februari 1965, na Septemba 1967 makubaliano yakatiwa saini Beijing. Ujenzi ulianza 1970, ukamalizika 1975, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa. Mkopo haukuwa na riba, na ulipewa miaka 30 ya kulipwa. Kati ya Mlimba na Makambako njia inapanda ukuta wa milima kwa mahandaki na madaraja yanayofuatana kama shanga. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika ujenzi.

Kinachonivutia zaidi, na ambacho hotuba za sherehe hukiruka, ni jinsi mishahara ya vibarua ilivyopatikana. Gharama za hapa nyumbani, yaani malipo ya maelfu ya Watanzania na Wazambia na mahitaji ya kila siku, zilitokana na mauzo ya bidhaa za China. Beijing ilileta nguo, baiskeli na vyombo vya nyumbani, vikauzwa katika maduka ya umma, na fedha ya mauzo ikaingia kwenye reli. Mama wa Mbeya akinunua sufuria alikuwa ananunua pia taruma la reli. Sufuria hiyo haikuwa na mshindani mwingi dukani, kwa hiyo nani angekataa? Wapo waliolalamika kwamba bidhaa ni hafifu na hazifanani na mahitaji. Walizinunua.

Duniani kuna nchi moja iliyocheza mchezo kama huu vizuri kuliko zote, na haiko Afrika. Finland, nchi ndogo iliyojiita isiyofungamana huku ikipakana na Muungano wa Kisovieti kwa zaidi ya kilomita elfu moja, ilitozwa fidia ya vita ya dola milioni 300, ikailipa kwa meli na mashine mpaka ikamaliza mwaka 1952. Kulipa kukawa shule. Viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya fidia viliendelea kuwauzia Wasovieti meli za kuvunja barafu, karatasi na viatu, na Wafini wakaletewa mafuta, hesabu zikisawazishwa kwa rubo bila dola kugusa meza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 karibu robo ya biashara yote ya nje ya Finland ilikuwa na mteja huyo mmoja. Muungano ulipovunjika 1991, uchumi wao ukaanguka kifudifudi. Watu wa Webuye hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Kiwanda chao cha karatasi kilipofungwa 2009, walijua maana ya mji wenye mnunuzi mmoja wa jasho lake.

Na TAZARA? Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wake bora, 1977/78, ilibeba zaidi kidogo ya milioni 1.2. Mwaka wake mbaya, 2014/15, haikufika laki moja. Septemba 2025 kampuni ya Kichina ya CCECC ilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha, kwa dola bilioni 1.4. Safari hii hakuna masufuria.

Sarafu ya zamani

Mkomunisti hakuwa Mchina wa kwanza kufika. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na mwenzake Sloan Williams ilitangaza kupata kisiwani Manda, Lamu, sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala China kati ya 1402 na 1424. Ina tundu la mraba katikati. Malindi nayo ilimpelekea Yongle twiga mwaka 1415. Hakuna hati ya mkopo iliyopatikana.

Deni zito zaidi

Reli ya kisasa, SGR, kutoka Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 472, ilifunguliwa 31 Mei 2017. Hakuna mradi uliowahi kuigharimu Kenya fedha nyingi zaidi tangu uhuru: takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Kipande cha pili kilifika Naivasha mwaka 2019, reli ikaishia karibu na Suswa, kwenye vumbi, ikiutazama upande wetu. Sisi wa magharibi tumeisoma kwenye ramani za ahadi mpaka tumezijua stesheni zake kwa majina. Oktoba 2025 Kenya ilibadilisha mikopo mitatu ya reli hiyo kutoka dola kuwa yuan ili kupunguza riba. Huko nyuma, 1967, mkopo wa mkomunisti haukuwa na riba. Mkopo wa SGR ulikuja na sehemu yenye riba ya kibiashara, kana kwamba umekopa benki ya Upper Hill, Nairobi, na hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika orodha nzima.

Barabara ya juu ya Nairobi niitaje upesi: kilomita 27, na kampuni ya Kichina itakusanya ushuru kwa miaka 27. Nani alipenda nambari hiyo?

Simu iliyouzwa zaidi huku na isiyouzwa kwao

Tecno, itel na Infinix zote ni za kampuni moja ya Shenzhen, Transsion. Ndiyo inayoongoza kwa kuuza simu Afrika, na nyumbani kwao China haiuzi. Walifika wakatazama: mtu ana laini mbili kwa sababu kila mtandao una bei zake, umeme hukatika, sura zetu nyeusi hupotea kwenye picha. Wakatengeneza simu ya laini mbili, betri ya siku nyingi, kamera inayoiona ngozi. Simu ya mulika mwizi ya itel imeangaza njia nyingi zaidi za matope kati ya Kapsokwony na Kaptama kuliko taa yoyote ya kaunti. Hapa sina kejeli. Huyu alimsikiliza mnunuzi kabla mnunuzi hajasema "sitaki", na ningependa kuona mtengenezaji wa kwetu akimsikiliza hivyo.

Mahali Mchina aliposhindwa

Stendi ya boda boda. Kenya ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, pikipiki za Kichina zilimiminika zikiwa rahisi kuliko zote. Nenda leo uhesabu: Boxer na TVS, zote za India. Vijana wa stendi watakueleza sababu kwa dakika mbili. Mlima wa Kapsokwony haudanganywi na bei. Pikipiki hubeba abiria wawili na gunia la vitunguu, na chasisi inayopasuka mwezi wa nne haina maelezo. Wakuu wa nchi wamekaa meza moja na Beijing kwa miaka 60, na waliomkataa Mchina kwa pamoja, bila hotuba wala mkutano, ni watu wa boda.

Nchi pekee isiyoalikwa

Eswatini. Ndiyo nchi pekee ya Afrika inayoitambua Taiwan, kwa hiyo Juni 2025 China ilipotangaza mpango wa kufuta ushuru kwa bidhaa za nchi 53 za bara hili, ya 54 ilibaki nje.

Tunda baridi zaidi

Kwa kila shilingi tunayopata kutoka China, tunanunua kwao kwa zaidi ya shilingi kumi. Kwa miaka kadhaa kilichoongoza katika mauzo yetu kwao kilikuwa madini ya titani ya Kwale, ambayo uchimbaji wake ulikoma Desemba 2024. Tumaini lililobaki linaning'inia mitini: parachichi, au avokado kama tunavyoliita.

Mwaka 2019 Beijing ilikubali kununua parachichi la Kenya, kwa masharti. Limenywe, litolewe kokwa, ligandishwe mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha lisafirishwe likiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Waliogopa nzi wa matunda. Ni haki yao, kila nchi hulinda mashamba yake. Lakini fikiria mkulima wa mteremko wa Elgon, ambaye jokofu lake ni kivuli cha mti uleule uliozaa, akisomewa sharti hilo. Wauzaji wa nje waliokuwa na mitambo ya kufikia baridi hiyo walikuwa wachache mno. Soko la watu zaidi ya bilioni lilifunguliwa kwa tundu la sindano.

Januari 2022 makubaliano mapya yalitiwa saini wakati waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, alipozuru Mombasa, na Agosti mwaka huo shehena ya kwanza ya parachichi bichi, tani 45, iliondoka. Kenya ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuiuzia China parachichi bichi. Ni rekodi halali, naipigia makofi. Shamba lazima lisajiliwe, mitego ya nzi itundikwe, na tunda likaguliwe mara kadhaa kabla ya kupanda meli. Mwaka 1965 sisi tuliifunua shehena yao, tukaitia kasoro. Sasa wao wanafunua yetu.

Msimu uliopita nilikuta dalali akinunua kwenye shamba moja chini kidogo ya mji. Alichukua kila tunda, akaligeuzageuza, akatafuta kovu, akaweka mawili kwenye kreti na moja kando. Rundo la kando lilikuwa linakua. Mama mwenye shamba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama bila kusema lolote. Dalali alipotaja bei, mama alinyamaza kidogo kisha akaitikia.

"Mama," nilimuuliza baadaye, "ungemkatalia bei ile ingekuwaje?"

Akacheka, akaanza kulijaza rundo la kando kwenye ndoo.

"Nikikataa, mwanangu, yanaiva."